UHURU HAULETWI NA MELI YA MAFUTA

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nchi hii nzima hutega sikio. Dereva wa bodaboda wa Manzese, mwenye mashine ya kusaga wa Sumbawanga, mvuvi wa Kilwa mwenye boti la injini, wote hungoja EWURA itangaze bei ya mafuta, kama babu zetu walivyongoja mkoloni atangaze bei ya pamba. Wakati ule mkulima hakuulizwa kitu. Siku hizi mnunuzi haulizwi kitu. Bei imekwisha pangwa katika masoko ya mbali, na ofisi yetu hapa hupiga hesabu tu ya jambo lililokwisha amuliwa na wengine.

Twasema wazi: taifa lisiloweza kuendesha mashine yake ya kusaga mahindi bila kutazama uso wa soko la wengine, uhuru wake una tundu. Tundu hilo halizibwi kwa hotuba. Huzibwa kwa elimu ya kutafuta nguvu nyingine ya kuendesha mitambo yetu, na gharama ya elimu hiyo hatuna budi kuilipa sisi wenyewe.

Tutazame mambo yalivyokwenda. Oktoba 1973, Waarabu na Israeli walipopigana, pipa la mafuta lilikuwa karibu dola 3. Ilipofika Januari 1974 lilikuwa karibu dola 12. Hakuna Mtanzania aliyepiga risasi hata moja katika vita vile, lakini gharama yake tuliilipa sote. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ikapanda tena, wakati ule ule vijana wetu walipokuwa vitani kumfukuza Idi Amin. Wazee wanazikumbuka Jumapili ambazo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana. Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Mwezi wa Machi pipa likapita dola 120, na mwezi wa Agosti lita ya petroli Dar es Salaam ikafika shilingi 3,410. Mara tatu tumepigwa kwa fimbo ile ile. Mara ya kwanza mtu husema sikuiona. Mara ya tatu atasema nini?

Mwaka 2022 Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, kuanzia Juni, ili kupunguza makali. Hatuilaumu. Mnyonge alikuwa anazama, akatupiwa kamba. Lakini tuulizane: fedha zile ziko wapi leo? Zilimiminwa katika matangi, zikatoka katika mabomba ya moshi, zikaisha. Hazikuacha kisima, hazikuacha mtambo, hazikuacha hata kijana mmoja aliyejifunza ufundi ambao jana hakuwa nao. Sehemu moja ya kumi ya ruzuku ya mwezi mmoja tu ni shilingi bilioni 10. Fedha kama hizo zikiwekwa katika maabara zetu kwa mpango, kila mwaka bila kukatika, tutakapopigwa mara ya nne tutakuwa na ngao.

Hapo ndipo mabwana fulani wenye kasumba hutucheka. Husema utafiti ni anasa ya matajiri. Sisi maskini tungoje wenzetu wavumbue, kisha tununue vilivyo tayari. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walikwisha sema. Paneli za jua tununue, ndiyo, maana ugonjwa haungoji kiwanda. Lakini zahanati iliyofungiwa paneli kutoka ng'ambo, betri ikafa, na wilaya nzima ikakosa fundi wa kujua imekufa kwa nini, imerudi katika kibatari. Mwenye kununua chombo bila kununua elimu yake amebadilisha bwana tu: jana alikuwa muuza mafuta, kesho atakuwa muuza betri.

Wengine husema tunalo bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji, megawati 2,115, basi tatizo limekwisha. Bwawa hilo ni fahari yetu, wala hatukubali mtu alibeze. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 haiombi dizeli kwa mtu. Lakini maji ni mvua, na mvua haina mkataba na mtu. Mwaka 2006 ukame ulipolikausha bwawa la Mtera, nchi iliingia gizani, tukakimbilia majenereta ya kukodi. Isitoshe, bodaboda ya Manzese haijafungwa waya wa Rufiji. Kuifikisha nguvu ile katika magurudumu ya mnyonge ni kazi ya kutafiti na kujaribu, tena katika barabara zetu na joto letu.

Wengine hutaja gesi. Vema. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na umeme wake ulianza kupatikana mwaka 2004. Miaka 30! Utajiri ulilala chini ya miguu yetu wakati tukinunua mafuta kwa fedha za kahawa na katani. Nayo gesi, kama mafuta, ina siku yake ya kwisha.

Sasa twende kwa jirani. Kule Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, walianza kuchoronga ardhi kutafuta mvuke mwaka 1956. Visima vya kwanza viwili havikufaa kitu, kazi ikaachwa. Ikarudiwa katika miaka ya sabini, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka. Leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na joto la ardhini, na bei ya pipa ikipanda, mvuke ule haupandi bei. Laiti wangesikiliza wenye kusema visima viwili vimeshindwa, basi, wangekuwa gizani pamoja na washauri wao.

Bonde la Ufa halikukomea Namanga. Limepita kwetu, na Mbeya chemchemi za moto zinachemka tangu enzi za mababu. Wataalamu wa kigeni walizipima kati ya mwaka 1976 na 1979, wakaandika ripoti, wakaenda zao. Kampuni yetu wenyewe ya kuendeleza jotoardhi ilianzishwa mwaka 2013. Hadi kufikia mwaka 2024 hakuna hata megawati moja ya Ngozi wala ya Kiejo-Mbaka iliyokuwa imeingia katika gridi ya taifa. Joto halikupungua miaka yote hiyo. Kilichopungua ni nia ya kuweka fedha mahali ambapo matunda yake hayataonekana kabla ya uchaguzi unaofuata.

Wala asitokee mtu akasema Mwafrika hawezi. Tazameni mkonge wa Tanga. Katika jani la mkonge, uzi ni asilimia chache tu. Mengine yote yalitupwa kama takataka tangu enzi za Wajerumani. Katika shamba la Hale, wilaya ya Korogwe, ukajengwa mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Kule Uganda, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliunda gari la umeme, Kiira, wakaliendesha mbele ya watu mwaka 2011, kwa sababu Serikali yao ilikubali kutoa fedha. Akili ipo. Inakosa fungu.

Basi twadai nini?

Kwanza, ahadi itimizwe. Katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 1 ya pato la taifa katika utafiti. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na Tanzania bado haijaifikia.

Pili, katika kila lita ya mafuta tayari mna tozo ya barabara na tozo ya umeme vijijini. Hatutaki tozo mpya juu ya mgongo wa mnyonge. Twataka sehemu ndogo ya hizo zilizopo iwekwe kwa sheria katika utafiti wa nishati, ipitie Tume ya Sayansi na Teknolojia, iende vyuoni Dar es Salaam, Mbeya na Arusha, na hesabu yake isomwe hadharani kwa Kiswahili.

Tatu, kila mkataba wa kuleta mitambo ya jua, upepo au mvuke uwe na kifungu cha kuwafundisha vijana wetu kuitengeneza, na asiyetaka kufundisha asipewe kazi.

Wanachama, jambo hili lisiachiwe mabwana wa maofisini. Liwekeni katika ajenda ya mkutano wa tawi mwezi huu. Mbunge akija, msimuulize habari ya bei ya petroli peke yake. Muulizeni bajeti ya mwaka huu imeweka shilingi ngapi kwa kutafuta nguvu ya kushika nafasi ya petroli, na ni ngapi kati ya hizo zimekwisha tolewa kweli. Akijibu kwa maneno, mwombeni tarakimu. Asipokuwa nazo, mwambieni akazitafute, arudi.

Uhuru na Kazi!