Tuwakosoe wanafunzi wanamichezo kwa insafu

Imezuka hapa kwetu tabia ambayo tusipoikemea mapema itatufikisha pabaya. Mechi ya shule huchezwa asubuhi Mugumu au Nyamongo, na kabla ya adhuhuri kipande cha video chenye kosa la mchezaji mmoja kimekwisha kuzagaa katika makundi ya WhatsApp kuanzia Sirari hadi Musoma. Yanayoandikwa chini ya video hiyo si maoni juu ya mpira. Ni matusi, kejeli na majina ya kubandikana, na anayetukanwa ni mtoto wa kidato cha pili.

Tunalo tukio tunalolifahamu. Mlinda mlango wa shule moja ya sekondari wilayani Tarime aliuachia mpira mwepesi ukampita katikati ya miguu, na timu yake ikatolewa katika ngazi ya wilaya ya UMISSETA. Video ile ilitiwa muziki na kurudiwarudiwa. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili wakasema amehongwa. Siku ya tatu mtu mzima, mwenye watoto wake, akautaja ukoo wa kijana yule na kusema kuwa hao ndivyo walivyo. Wasomaji wetu wa Tarime hawahitaji kuelezwa uzito wa neno la namna hiyo. Serikali iliunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya, na mapigano ya koo yalikuwa miongoni mwa sababu zake. Leo tunayachokoza makaa hayo kwa ajili ya mpira wa shule!

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mwanafunzi anayeingia uwanjani asikosolewe. Anayecheza mbele ya watu amekubali kutazamwa, na asiyeambiwa kosa lake hatalirekebisha. Suala ni nani anakosolewa, kwa lipi, na kwa maneno gani.

Mchezaji wa Simba au Yanga ni mwajiriwa. Analipwa, ana kocha wa kazi hiyo na daktari wa timu. Kijana wa UMISSETA, au mwanachuo wa ualimu anayekwenda UMISAVUTA, hana hata kimoja. Mwalimu wake wa mpira ndiye mwalimu wake wa Jiografia. Akichaguliwa katika timu ya mkoa husafirishwa kwa basi hadi mwisho wa nchi, kama ilivyokuwa Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Mashindano yakiisha, Jumatatu yumo darasani pamoja na wale wale waliomcheka. Hana pa kujificha.

Sisi tuliopitia darasa za hadithi tunafahamu kuwa ukosoaji ni elimu yenye kanuni zake. Wanazuoni wa al-jarh wat-taadil waliwachambua maelfu ya wapokezi, jina kwa jina, na hawakumwonea mtu haya. Lakini walitenganisha uadilifu wa mtu na umadhubuti wa hifadhi yake. Mtu aweza kuwa mkweli na mcha Mungu, na hifadhi yake ikawa dhaifu, na aliyethibitisha udhaifu wa hifadhi hakuwa na ruhusa ya kuongeza kwamba ni mwongo. Abdallah bin Lahia, kadhi wa Misri katika karne ya pili ya Hijria, vitabu vyake viliungua. Wahakiki wengi hawakumtupa kwa neno moja, bali walitofautisha yaliyopokewa kwake kabla ya moto na yaliyopokewa baadaye. Waliuliza lini, na kwa sababu gani. Kisha wakaishia pale haja ilipoishia, kwani aibu ya mtu isiyohusu upokezi wake haikuwa ya kutangazwa.

Tukipime kisa cha kipa wetu kwa mizani hiyo. Kusema kwamba aliuachia mpira ni kweli, na video ni ushahidi. Kusema kwamba alichelewa kuinama ni ukosoaji wenye faida, na yeye mwenyewe aweza kuufanyia kazi kesho. Kusema amehongwa ni tuhuma, na mwenye tuhuma alete bayana. Kuhusu ukoo wake, hilo halimo katika mpira kabisa. Na taadil je? Katika mechi iliyotangulia kijana huyo aliokoa penalti mbili. Hakuna aliyerekodi.

Mwaka 2019 nchi yetu iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 jijini Dar es Salaam. Timu yetu, yenye jina la Serengeti ambalo sisi wa huku tunalionea fahari, ilifungwa na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Mkosoaji mwenye insafu angejumlisha: mabao 6 ya kufunga, 12 ya kufungwa. Timu inayoweza kufunga manne dhidi ya Nigeria si ya wavivu, ila ulinzi wake una kasoro kubwa. Basi swali angewaelekezea walimu na wenye kuandaa programu za vijana, kwani hao ni watu wazima wenye dhamana.

Kuna jambo jingine linalochochea matusi haya, nalo ni kamari. Kijana ambaye mkeka wake umechanika hatafuti kosa la kiufundi, anatafuta wa kumlipia hasara yake. Hili si letu peke yetu. Uchunguzi wa chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, uliotangazwa mwaka 2024, ulikuta kwamba asilimia 12 ya matusi ya hadharani waliyotumiwa wanamichezo wa vyuo yalihusiana na kubeti. Hapa kwetu vijana huwekeana dau hata kwenye mechi za shule, nasi tunajua hukumu ya maysir bila ya kuhitaji takwimu za Marekani.

Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa wasichana waliocheza mpira wa kikapu walipata vitisho takriban mara tatu zaidi ya wavulana. Tuliposoma tuliwakumbuka mabinti wa Tarime na Serengeti. Wamo humu waliokimbia makwao ili wasikeketwe, wakahifadhiwa katika nyumba salama. Binti wa namna hiyo akikosa bao, halafu mwanamume akaandika juu ya umbile lake, huyo amekosoa mchezo gani?

Mkoa huu wa Mara ndio uliomtoa Suleiman Nyambui. Akiwa mwanachuo Texas, Marekani, alishinda mbio za mita 10,000 za wanavyuo wa nchi ile mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alikuwa wa pili mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Medali ile na ile ya Filbert Bayi ndizo pekee Tanzania ilizowahi kupata katika Olimpiki. Tunajiuliza makundi yetu ya leo yangemwita nani: mshindi wa fedha, au aliyeshindwa na Mhabeshi?

Viongozi wa makundi hayo wanaweza kufuta tusi kabla halijasambaa, na tunawaomba wafanye hivyo. Wasioshika ombi wasome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23. Na yule mzee aliyeandika habari ya ukoo tumemfuata nyumbani, tukazungumza naye kwa upole. Ameufuta ujumbe wake. Kipa, hadi tunakwenda mitamboni, bado hajarudi mazoezini.