HESABU YA MAITI NA HESABU YA SIKU

Yako maneno yanayosemwa mabarazani kila vita vya Vietnam vinapotajwa, nayo husemwa kwa kicheko: kwamba Mmarekani alishindwa kwa kuwa askari wake walikuwa waoga, vijana waliolelewa kwa maziwa na mito ya pamba, wasioweza kustahamili msitu. Maneno haya ni matamu kwa mtu asiyezipenda dola kubwa. Lakini si kweli, na gazeti hili haliwezi kuyaacha yapite. Mwenye kumcheka askari mdogo huwa amemwachia huru, pasi na kujua, yule aliyempeleka.

Askari wa Marines waliposhuka pwani ya Da Nang tarehe 8 Machi 1965 walikuwa kiasi ya 3,500. Ilipofika Aprili 1969, Wamarekani waliokuwako Vietnam walikuwa zaidi ya 540,000. Ni nani hao? Sheria ya kuchukuliwa jeshini ilimhusu kila kijana mwanamume, lakini sheria hiyo ilikuwa na milango yake ya uani. Aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu aliakhirishwa. Mwenye daktari wa kumwandikia cheti aliakhirishwa. Waliobaki kuchukuliwa ni watoto wa wafanyakazi wa viwandani, wa wakulima wadogo na wa watu weusi. Na hao walipoonekana hawatoshi, Waziri wa Ulinzi, Bwana McNamara, aliamrisha mwaka 1966 wachukuliwe pia vijana waliokwisha kuanguka katika mtihani wa jeshi, na baadhi yao kusoma kwenyewe kulikuwa ni taabu. Mpaka mpango huo ulipokwisha mwaka 1971 walikwisha kuingizwa zaidi ya 300,000. Katika miaka ya mwanzo ya vita, 1965 na 1966, kiasi cha mmoja katika kila Wamarekani watano waliouawa vitani alikuwa mtu mweusi, hali watu weusi hawakuwa zaidi ya mmoja katika tisa wa nchi ile. Muhammad Ali alipokataa kuchukuliwa, tarehe 28 Aprili 1967, alinyang'anywa ubingwa wake, na Mahkama Kuu ya nchi yake haikumwondolea hatia mpaka Juni 1971.

Sasa na tumtazame huyo aliyekwenda.

Askari wa miguu alibeba shanta mgongoni, bunduki, risasi mia kadhaa, mabomu ya mkono, chupa za maji, chakula cha siku tatu, sepetu ya kuchimbia handaki, na mara nyingi mikanda ya risasi za bombom kwa ajili ya mwenziwe. Jumla hufika ratili 60 au 70, na wako waliobeba zaidi. Mzigo huo hakuubeba barabarani. Aliubeba milimani, ndani ya mianzi iliyoshikamana, na katika majani marefu kuliko kimo cha mtu, yenye makali kama wembe, mtu wa mbele akifyeka kwa panga na wa nyuma akitazama mgongo wa mwenziwe. Jua likitoka, watu huanguka kwa joto. Mvua ikianza, hainyeshi ikaanuka, bali hudumu wiki kwa wiki. Miguu hukaa ndani ya viatu vilivyorowa mpaka ngozi ikawa nyeupe, ikakunjana, ikabanduka pamoja na soksi. Viatu vyenyewe vilitobolewa matundu ubavuni ili maji yatoke, na baadaye vikatiwa bamba la chuma katika nyayo, kwa kuwa Wavietnam walipanda njiani vijiti vya mianzi vilivyochongwa na kupakwa mavi, ili kidonda kioze. Ruba walipanda miguuni hata wakafika mapajani, nao huondoshwa kwa moto wa sigara au kwa dawa ya mbu. Wazee wetu wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles, wakapita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, hawakuwa na haja ya kuhadithiwa mambo haya.

Chakula kilikuwa cha makopo, na kifunguo chake, kidogo kuliko kidole, askari hukivaa shingoni pamoja na kibati cha jina lake. Kopo la matunda ya pichi lilikuwa mali ya kubadilishana. Kopo la nyama ya nguruwe kwa maharage lilichukiwa hata na wao wenyewe walaji wa nguruwe. Kukipasha moto chakula hicho walikata kipande cha baruti laini ya kulipulia wakakiwasha, kwani hakilipuki kwa kiberiti, bali huwaka kwa ukali tu. Maji waliyachota mitoni na katika mashamba ya mpunga, wakatia vidonge vya kuulia vijidudu, na mama zao huko kwao wakawapelekea unga mtamu ndani ya barua wa kufichia ladha ya dawa. Barua za kwenda kwao hazikuhitaji stempu. Askari aliandika kwa mkono wake, pahala pa stempu, neno la kuonyesha kuwa ni bure.

Kila wiki walipewa kidonge cha kuzuia malaria. Wako waliokitema kwa makusudi, kwa sababu kulala hospitali na homa ya kutetemeka kulikuwa bora kuliko kurudi msituni. Msomaji na afikiri: ni kazi gani hiyo ambayo malaria huwa ndiyo likizo yake?

Juu ya yote hayo waligaiwa bunduki mpya, M16, iliyosifiwa kuwa haina haja ya kusafishwa sana. Vifaa vya kuisafishia havikupelekwa vya kutosha, na baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa. Ganda la risasi likawa linakwama ndani katikati ya mapigano, na yakaonekana maiti ya vijana wa Kimarekani bunduki zao zimefunguliwa kando yao, wakijaribu kuzitengeneza. Mwaka 1967 kamati ya Bunge lao wenyewe iliwalaumu wakuu wa jeshi kwa jambo hili. Mwoga hafi akiitengeneza bunduki yake. Hukimbia.

Adui hakuonekana ila kwa nadra. Kombania huweza kutembea wiki nzima isimwone mtu, kisha mmoja akakanyaga pahala pasipo na tafauti na pengine na mguu wake ukapotea. Aliyebahatika alichukuliwa kwa helikopta akafika kwa daktari kabla ya saa moja au mbili kupita, na hakika wengi waliokolewa kwa njia hii ambao katika vita vilivyotangulia wangelikufa. Wenziwe walibaki wanaukabili msitu ule ule, pamoja na kijiji kilicho karibu, ambacho watu wake walijua bomu lilipozikwa na hawakusema. Usiku hawalali. Mmoja hukesha na mwenziwe hulala, saa kwa saa, ndani ya handaki lenye maji.

Katika hali hiyo askari hakuhesabu ushindi. Alihesabu siku. Muda wake ulikuwa miezi 12, au 13 kwa Marines, na tarehe ya kurudi aliijua tangu siku ya kufika. Wengi walichora kalenda katika kofia au katika karatasi, wakafuta siku moja moja. Alikuja peke yake, katika ndege ya abiria yenye wahudumu wa kike na vinywaji baridi, akatiwa katika kikosi cha watu asiowajua, na siku yake ilipotimia aliondoka peke yake. Alioacha nyuma hawakuwa na muda wa kumwaga, na siku mbili tatu baadaye alikuwa akitembea katika mtaa wa kwao, hana wa kumweleza.

Sasa tutazame upande wa pili. Walio wengi katika hao 540,000 hawakuwa msituni. Walikuwa katika makambi makubwa kama Long Binh, palipokuwa na mabirika ya kuogelea, maduka na sinema. Na maofisa waliowaongoza askari vitani kwa kawaida walikaa katika uongozi huo miezi sita tu, nusu ya muda wa askari mdogo, ili na mwengine apate zamu ya kuandikiwa kuwa ameongoza vita. Katika miezi sita ofisa alitakiwa aonyeshe kazi, na kazi ilipimwa kwa nini? Si kwa ardhi. Mwezi Mei 1969 waliupanda mlima wa Ap Bia kwa siku kumi, wakaupata kwa kufa zaidi ya watu 50 wa kwao, na mwezi uliofuata wakauacha. Kazi ilipimwa kwa maiti. Jemadari Westmoreland alikuwa amekata shauri kwamba adui atashindwa pale watakapouawa wengi kuliko anavyoweza kuwarejesha, na kwa hivyo hesabu ikawa inapanda kutoka kombania mpaka Saigon, na kutoka Saigon mpaka Washington, kila ngazi ikitaka tarakimu kubwa zaidi. Askari wenyewe walisema kwa kejeli kwamba Mvietnam akishakufa huwa ni adui.

Hatusemi haya ili tumwoshe askari huyo. Mikono yake ilishika moto uliochoma majumba ya makuti na mpunga wa watu maskini kuliko yeye, na Wavietnam waliokufa wanahesabiwa kwa mamilioni, hali Wamarekani ni kiasi ya 58,000. Tarehe 16 Machi 1968 kombania moja, iliyokwisha kupoteza watu kwa mabomu ya ardhini bila ya kumwona adui, iliingia kijiji cha My Lai ikaua wanawake, wazee na watoto, watu 504 kwa hesabu ya Wavietnam. Rubani mmoja wa helikopta, Hugh Thompson, aliiteremsha ndege yake baina ya askari wenziwe na wanakijiji, akaokoa aliowaweza. Khabari iliyopelekwa juu ilisema wameuawa maadui 128 na zimetekwa bunduki 3. Watu 128, bunduki 3, na hapana mkubwa aliyeuliza. Jemadari Westmoreland alituma salamu za pongezi.

Ukweli ulipofichuka, mwaka 1969, walishitakiwa watu kadhaa. Luteni Calley alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha maisha, akakitumikia kiasi cha miaka mitatu na nusu, sehemu kubwa ya muda huo nyumbani kwake. Hapana mwengine, wa chini yake wala wa juu yake, aliyetiwa hatiani.