Wiki moja visiwani: dawa ni swali la tatu

Kila likizo ya Juni inapokaribia, swali moja hunijia kwa sura tofauti. Safari hii limetoka kwa familia ya Arusha iliyopata boti ya matanga yenye injini ya akiba. Wanataka kuanzia mwalo wa Mwigobero pale Musoma, walale Rukuba siku mbili, kisha Irugwa, Ukara na Ukerewe, na siku ya saba washukie Mwanza. Ndani ya boti atakuwemo bibi mwenye kisukari anayechoma insulini, kijana wa miaka 11 mwenye sikoseli, shangazi mwenye ujauzito wa miezi minane, na mtoto wa miaka minne asiyetulia. Wameniuliza: "Daktari, tubebe dawa gani?"

Swali ni zuri, lakini kwangu mimi linakuja la tatu. La kwanza ni nani abaki nyumbani. La pili ni mtafikaje hospitali mtu akizidiwa saa nane usiku. Ukishayajibu hayo mawili kwa ukweli, mfuko wa dawa utajipanga karibu wenyewe.

Nianze na shangazi. Asiende. Najua nitaonekana mkali, na najua wanawake wa visiwani husafiri na mimba kubwa kila siku kwa sababu hawana njia nyingine. Yeye anayo. Akianza kutokwa damu katikati ya Irugwa na Ukara, hakuna kitu ndani ya boti kitakachomsaidia. Damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji viko nchi kavu, na ziwa halina njia ya mkato. Aje Mwanza kwa barabara awapokee wenzake.

Kijana wa sikoseli anaweza kwenda, ila si wiki nzima. Mambo yanayoamsha maumivu yake ndiyo hayo hayo yanayopatikana kwa wingi ndani ya boti: jua linalokausha maji mwilini, upepo wa baridi alfajiri, nguo zilizoloa, uchovu, na malaria. Ningempa siku mbili za Rukuba, kisha yeye na mzazi mmoja warudi Musoma na kufuata lami kupitia Bunda hadi Mwanza. Anywe maji bila kungoja kiu, asiache vidonge vyake, na awe na sweta hata kama mchana ni wa joto. Homa kwake ni dharura. Msisubiri kuona itafikaje kesho.

Sasa swali la pili. Kabla ya kulipa hata shilingi ya boti, chukueni karatasi muandike kituo cha tiba kilicho karibu na kila mahali mtakapolala, namba ya simu ya mhudumu, na boti gani ya injini inaweza kuwavusha usiku. Ulizeni Rukuba, ulizeni Ukara. Wahudumu wa visiwani wanajua mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote: nani ana injini inayowaka mara moja, na upande upi wa kisiwa mawimbi hayapigi. Kwa upande wa Musoma, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo tegemeo; kwa upande wa Ukerewe, ya wilaya iko Nansio; na mwisho wa safari kuna Bugando. Nahodha ambaye hataki kuulizwa maswali haya, tafuteni mwingine.

Msisafiri usiku. Juu ya Ziwa Victoria, mara nyingi dhoruba za radi hujikusanya kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, kwa sababu upepo wa usiku hutoka nchi kavu za pande zote na kukutana katikati ya maji. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku, na jua likizama boti iwe imefungwa.

Na majaketi okozi, ambayo wengi tunayaita maboya. Kila mtu na lake, la saizi yake, limefungwa mwilini tangu mguu unapoingia botini. Nimeona majaketi yakitumika kama mito ya kukalia, na nimeona mtoto mdogo akivalishwa la baba yake. Jaketi kubwa humvuka mtoto kichwani pale pale anapogusa maji. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. MV Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018, ikiwa imebakiza umbali mfupi tu kufika gati ya Ukara, zaidi ya watu 220 walikufa. Kivuko kile kilijengwa kubeba watu 101. Basi hata sisi tunaokodi boti ya starehe tuulize: hii imeandikishwa kubeba wangapi? Kisha tuhesabu vichwa, na watoto wahesabiwe.

Jambo ninalotaka kulikalia zaidi ni kichocho, kwa sababu ndilo msafiri analolipuuza. Maji ya Rukuba yanavutia, watoto wa pale wanaoga, na mgeni hujiuliza kwa nini wake wasioge.

Minyoo ya kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana pembezoni mwa ziwa hili, hutaga mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu. Kinyesi kikifika majini, mayai huanguliwa, viluwiluwi huingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo humwaga maelfu ya viluwiluwi wengine wanaotafuta ngozi ya binadamu. Hawahitaji kidonda. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Hatari zaidi ni maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani na magugu, na saa za katikati ya mchana. Yaani pale pale tunapowaweka watoto wadogo tukidhani ni salama kwa sababu maji yanawafika magotini! (Mamba na viboko nao hupenda maeneo hayo hayo, lakini hao hawahitaji daktari kuwatangaza.)

Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga yachotwe, yachujwe, kisha yachemshwe, au yaachwe ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa siku mbili kamili. Viluwiluwi wasiopata mtu hufa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya kusafishia hata kama yamekaa, kwa sababu kukaa hakuui vijidudu vya kuhara.

Kinachonisumbua ni kwamba ushauri huu tunawapa wageni, wakati mama wa Rukuba anafua, anaosha vyombo na kuchota maji ufukweni kila siku ya maisha yake. Katika hospitali za Kanda ya Ziwa tunawaona watu wazima wanaokuja wakitapika damu kwa sababu kichocho cha miaka mingi kimewakausha ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula. Wengi wao hawakuwahi kuogelea kwa starehe hata siku moja. Ndiyo maana nawauliza wanaopanga safari kama hii jambo ambalo hawapendi kuulizwa: choo cha boti kinamwaga wapi? Kama jibu ni "ziwani tu", na mmoja wenu ana mayai tumboni bila kujua, mtaondoka na picha nzuri na kuwaachia wenyeji kazi ya konokono. Bebeni ndoo ya choo yenye mfuniko na mkaimwage kwenye choo cha shimo nchi kavu, kwa ruhusa ya wenye choo.

Bibi wa kisukari naye aende, akitaka. Chupa ya insulini iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu wiki nne hivi kama joto halizidi nyuzi 30, lakini msome karatasi yake. Isikae karibu na injini wala juani, na isiguse barafu, maana ikiganda imeharibika hata kama inaonekana sawa. Chungu cha udongo kilichofungwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini kinafaa sana. Hofu yangu kubwa kwake ni mawimbi: akichoma dozi ya asubuhi kisha akatapika chai yote, sukari itashuka. Mtu mmoja, si bibi mwenyewe, awe na sukari mfukoni na ajue dalili: jasho la baridi, kutetemeka, kuongea ovyo. Na amwone daktari wake kabla ya safari, wakubaliane afanye nini siku asipoweza kula.

Hapo sasa tunafika kwenye mfuko. Dawa za kila siku za kila mtu, ziwe za presha, za kifafa au ARV, zihesabiwe kwa siku kumi na nne badala ya saba, na zigawanywe katika mifuko miwili isiyopitisha maji. Pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Parasetamo kwa uzito wa mtoto. Kipimajoto. Vyandarua, hata kama mtalala botini. Mwenye kifafa asiingie majini wala asikae ukingoni mwa boti. Mwenye ualbino ahitaji mikono mirefu, kofia pana na losheni ya jua, kwa kuwa maji huurudisha mwanga usoni hata chini ya kivuli. Dawa ya kichefuchefu aina ya promethazini isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, maana inaweza kumzuia kupumua.

Watoto waliokulia Arusha mjini au nje ya nchi hawana kinga ya malaria ya wenzao wa Mara. Ongea na daktari mapema kuhusu dawa za kujikinga: zipo zinazoanza siku moja au mbili kabla ya safari na zipo zinazohitaji wiki mbili au zaidi. Doksisaikilini haifai kwa mtoto wa chini ya miaka minane wala kwa mjamzito. Na tafadhali, msibebe makopo ya viuavijasumu kwenda kuwagawia wanakijiji. Mkiwa na cha kutoa, kipelekeni kituo cha tiba, kwa mhudumu.

Mkirudi nyumbani, homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo kikiwa safi lakini homa, kikohozi, muwasho na tumbo vinaendelea wiki tatu au sita baada ya safari, mara nyingi mtu hupewa dawa za taifodi na kurudishwa nyumbani. Mwambie daktari wako maneno haya bila kungoja akuulize: "Niliingia ziwani." Hata asiye na dalili yoyote, kama aliingia majini, apime choo na mkojo miezi miwili hivi baada ya kurudi. Kumeza praziquantel siku ile mnayoshuka Mwanza hakutoshi, kwa sababu dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na ile mliyoipata Rukuba bado itakuwa michanga.