Al Hamra: Saruji ya kale na zege linaloziba nyufa zake

Wahandisi wa Ulaya na Marekani wanatafuta zege linaloweza kuziba nyufa zake lenyewe. Katika mji mkongwe wa Al Hamra, chini ya Jebel Shams nchini Oman, sehemu ya elimu hiyo imo katika kuta ambazo wenyewe wamezihama.

Nyumba za Al Hamra, nyingine za ghorofa mbili na tatu, zilijengwa kwa matofali ya udongo. Palipopita maji, hasa katika mifereji ya falaj, mafundi walitumia sarooj: udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, ukachomwa kwa siku kadhaa juu ya magogo ya mitende, kisha ukasagwa na kuchanganywa na chokaa. Msomaji atalitambua jina hilo. Ndilo Waswahili walilolipa saruji ya kiwandani.

Tofauti ya vitu hivyo viwili ni kubwa. Saruji ya kisasa huchomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450, na utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Sarooj haihitaji moto wa kiasi hicho.

Tena zege la kisasa hupasuka. Maji na chumvi hupenya katika ufa, nondo zikashika kutu, zikavimba na kulivunja zege kutoka ndani. Katika pwani za Ghuba maradhi hayo huanza mapema.

Huko Delft, Uholanzi, Henk Jonkers aliweka ndani ya zege bakteria ambao hulala hadi maji yaingie katika ufa, ndipo huamka na kuuziba kwa chokaa. Mbinu hiyo inafaa, lakini bei yake ni kubwa.

Mwezi Januari 2023, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, wakiongozwa na Admir Masic, walionyesha kwamba punje nyeupe za chokaa katika zege la Warumi, zilizodhaniwa kuwa uzembe wa mafundi, ndizo dawa yake. Maji huziyeyusha, nazo hugeuka tena kuwa jiwe ndani ya ufa. Zege walilolipasua kwa makusudi liliziba katika wiki mbili. Lile lisilo na punje hizo liliendelea kuvuja.

Sarooj si zege la Warumi, wala haitabeba mnara wa Muscat. Hata hivyo, udongo uliochomwa, chokaa na maji ni jamaa wa karibu wa mchanganyiko huo.

Hatari iliyopo ni ya ukarabati. Tangu miaka ya 1970 wakazi wengi walihamia nyumba za zege, na kuta za zamani zinaporomoka. Anayezipaka saruji ya kiwandani hufungia unyevu ndani, na udongo huoza nyuma ya plasta iliyo nzima. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekwisha kuonja hasara hiyo katika kuta zake za mawe na chokaa.

Ngome ya Bahla, jirani ya Al Hamra, iliondolewa mwaka 2004 katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, baada ya miaka 16, ilipokarabatiwa kwa udongo na mbinu za jadi. Kazi ya namna hiyo huhitaji mafundi wanaojua kuchoma sarooj, na ujuzi huo hurithiwa kwa mikono.