Kifuu Si Kihesabio Tu

MALEZI NA DARASA
Na Mwanahamisi Kitwana

Katika madarasa mengi ya elimu ya awali nchini Tanzania na Kenya, yaani yale yanayopokea watoto kabla hawajaingia darasa la kwanza, vitu vya mazingira vimekwisha kupata nafasi: vizibo vya soda vimejazwa kwenye makopo, vifuu vimetundikwa ukutani, na mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kugeuzwa upande safi imeandikwa herufi kubwa za kusomea. Mgeni anayeingia humo huondoka akiamini kwamba darasa limefanikiwa kutumia rasilimali zilizopo. Hata hivyo, akiuliza ni nani aliyekata, aliyebandika, aliyepaka rangi na aliyeamua kitu gani kikae wapi, atagundua kwamba karibu kazi yote imefanywa na mwalimu, mara nyingi usiku nyumbani kwake na kwa fedha zake mwenyewe, na kwamba mtoto ambaye kazi hiyo ilikusudiwa huruhusiwa kuitazama, kuihesabu na kuitaja jina, lakini haruhusiwi kuigeuza. Kizibo kimeingia darasani kama kihesabio, wala hakijapewa ruhusa ya kuwa kitu kingine.

Hapa pana tofauti ambayo vyuo vya ualimu haviisisitizi vya kutosha, nayo ni tofauti kati ya zana ya kufundishia na malighafi ya sanaa. Zana ni kitu ambacho maana yake imekwisha kuamuliwa na mtu mwingine: vizibo 5 vilivyopangwa mezani ni namba tano, na mtoto akivipanga vikawa nyoka ameharibu somo. Malighafi, kwa upande wake, ni kitu ambacho maana yake inasubiri mkono wa anayekitumia, kwa hiyo kizibo hichohicho chaweza kuwa jicho la samaki, gurudumu la gari, sahani ya mwanasesere, au muhuri wa kuchapia miduara juu ya karatasi. Simon Nicholson, msanii wa Uingereza, aliandika mwaka 1971 makala iliyopata kujulikana sana miongoni mwa wataalamu wa malezi, ambamo alitoa hoja kwamba ubunifu na ugunduzi unaoweza kutokea mahali fulani hutegemea wingi na aina za vitu ambavyo watu wa mahali hapo wanaweza kuvihamisha, kuviunganisha na kuvibadilisha. Vitu hivyo vyaweza kuitwa kwa Kiswahili vipande huru, yaani vipande visivyofungwa kwenye matumizi mamoja.

Mtoto wa Afrika Mashariki hakuhitaji makala hiyo ili avijue vipande huru. Gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili iliyochakaa, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, mwanasesere wa gunzi la mahindi mwenye nywele za ndevu za gunzi hilohilo, na jiko la mawe matatu ambalo juu yake kifuu kimekuwa sufuria na mchanga umekuwa wali, vyote hivyo ni kazi za sanaa ambazo watoto wamezifanya vizazi kwa vizazi bila kuelekezwa na mwalimu yeyote. Anayetengeneza gari la waya hulazimika kukadiria urefu, kulinganisha pande mbili, kutafuta jinsi usukani utakavyogeuza magurudumu ya mbele, na kuanza upya pale waya unapokataa. Linalosikitisha ni kwamba mtoto huyohuyo akifika shuleni hupewa karatasi yenye mchoro wa tembo uliokwisha kuchorwa na kuambiwa apake rangi bila kuvuka mstari, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa sanaa.

Asili ya kazi za mikono katika elimu ya watoto wadogo hutajwa kwa kawaida kuwa Ujerumani, ambako Friedrich Froebel alifungua mwaka 1837 mjini Bad Blankenburg kituo ambacho miaka mitatu baadaye alikiita bustani ya watoto, na ambako miongoni mwa shughuli alizowapangia watoto zilikuwamo kufinyanga udongo, kukunja karatasi na kusuka vipande vya karatasi kuwa mkeka mdogo. Shughuli hii ya mwisho imesafiri dunia nzima hadi ikafika kwenye vitabu vya miongozo vinavyotumika pwani ya Afrika Mashariki, ambapo mwalimu huelekezwa anunue karatasi za rangi na kuzikata vipande vyembamba ili watoto wajifunze kusuka. Hatua chache kutoka darasani, bibi wa mtoto huyo ameketi barazani akisuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa minyaa ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka au mkoba, huku akihesabu minyaa kwa vidole bila kuitazama na kuingiza ya rangi mahali panapostahili ili ua litokee. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi Msumbiji hadi kufariki kwake mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba ususi wa Kiafrika una hisabati ndani yake, kwa sababu ua la mkeka halitokei ila kwa kufuata mpangilio wa namba unaojirudia. Kumwalika bibi huyo darasani kwa saa moja, akae na watoto wachache wachache na kuwaachia minyaa iliyolainishwa kwa maji, ni somo la sanaa, la hesabu na la lugha kwa pamoja. Watoto hao wataondoka na maneno ambayo wengi wao hawajawahi kuyasikia: ukili, mnyaa, kuchana, kushona mkeka.

Pamoja na thamani ya ukili, hakuna malighafi inayomfaa mtoto mdogo kuliko udongo wa mfinyanzi. Udongo hupatikana kwenye kingo za mito na mabonde, na matayarisho yake ni sehemu ya somo, kwa kuwa watoto wanaweza kuuponda ukiwa mkavu, kuokota mawe na mizizi, kuuloweka, kisha kuukanda mpaka uache kunata kwenye viganja. Katika kukanda huko, misuli midogo ya vidole na ya kiganja, ambayo baadaye ndiyo itakayoshika penseli, hupata nguvu ambayo haipatikani kwa kuandika herufi «a» mara hamsini. Zaidi ya hayo, udongo husamehe: mchoro wa penseli uliokosewa hubaki umekosewa, lakini chungu kilichopinda hubonyezwa kikawa bonge tena, na mtoto akajifunza kwamba kukosea ni hatua ya kazi.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alitumia mabonge ya udongo kuchunguza dhana inayoitwa uhifadhi wa kiasi, yaani kuelewa kwamba kitu hakiongezeki wala hakipungui kwa kubadilika umbo tu. Mtoto alionyeshwa mabonge mawili yaliyo sawa, kisha moja likaviringwa mpaka likawa refu kama muhogo. Watoto wengi walio chini ya miaka 7 hivi walisema kwamba lile refu lina udongo mwingi zaidi. Dhana ya namna hiyo hukomaa kwa umri na kwa uzoefu wa mikono, na ni vigumu kufikiria uzoefu ulio bora kuliko wa mtoto ambaye kwa wiki nzima ameviringa, ameponda na amekusanya tena bonge lilelile. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema, hufinyanga mbele ya watoto wao, na mtoto anayecheza na kipande cha udongo pembeni ya mama yake yumo darasani, ingawa hakuna sajili yenye jina lake.

Kuhusu rangi, malalamiko ya kwamba shule haina bajeti yana ukweli, lakini hayaumalizi ukweli wote. Mkaa huchora mstari mweusi mzito kuliko penseli yoyote. Manjano ya jikoni yaliyochanganywa na maji hutoa rangi ya dhahabu. Mbegu za mzingefuri, zinazojulikana sana Zanzibar, huacha wekundu wa machungwa kwenye vidole na karatasi. Udongo mwekundu na chokaa hukamilisha kisanduku. Brashi hupatikana kwa kutafuna ncha ya kijiti kama inavyofanywa kwa mswaki wa mti, au kwa kufunga nyuzi za makumbi kwenye ujiti, na gundi hupikwa kwa kijiko cha unga wa muhogo na maji. Neno moja linahitajika hapa. Baadhi ya miongozo kutoka nje hupendekeza watoto wabandike mchele na maharage kwenye karatasi, au wapake rangi kwa uji. Katika jamii ambayo mtoto hufundishwa kuokota punje ya wali iliyodondoka mkekani, na ambamo wapo watoto wanaofika darasani bila kifungua kinywa, zoezi hilo halifai, na mwalimu ana haki ya kuliacha bila kuona haya. Mchanga, maganda ya mayai, makaka ya chaza, mbegu za ukwaju zilizokwisha kunyonywa na maganda ya karanga hufanya kazi ileile.

Suala gumu zaidi ni la mwalimu mwenyewe na jinsi anavyopokea kile ambacho mtoto amekifanya. Rhoda Kellogg, mwalimu wa shule za awali mjini San Francisco aliyekusanya michoro ya watoto wadogo ipatayo milioni moja kutoka nchi nyingi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba mikwaruzo ya mtoto wa miaka miwili ina mpangilio, kwamba aina za msingi za mikwaruzo hiyo ni 20, na kwamba kutoka humo huzaliwa miduara, misalaba, majua yenye miale, na hatimaye sura ya mtu mwenye mikono inayotoka kichwani. Kwa mujibu wa mtazamo huo, mtoto anayekwaruza anafanya kazi ambayo haiwezi kurukwa, kama vile anayetambaa anavyojiandaa kutembea. Mwalimu anayeuliza kwa mshangao «Hii nini sasa?», au anayeuchukua mkaa na kumchorea mtu «sahihi» pembeni, humwambia mtoto kwamba jicho lake halifai. Anayesema «Nieleze kazi yako», kisha akaandika chini ya mchoro maneno yaleyale aliyoambiwa, humwonyesha mtoto kwa mara ya kwanza kwamba maandishi ni sauti iliyowekwa kwenye karatasi. Wazazi wanaodai madaftari yaliyojaa herufi ili waamini kwamba ada na sare hazikupotea wanapaswa kuelezwa jambo hili kwa upole na kwa ushahidi wa kazi za watoto wao, kwa sababu stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, huanzia katika mikwaruzo hiyo.

Wanaodhani kwamba vitu duni huzaa sanaa duni wamkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam alichora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa bei nafuu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Kusifu vitu vya mazingira hakumaanishi kwamba kila kinachookotwa kinafaa. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi ziitwazo macho ya tipitipi, ambazo huwavutia watoto kwa uzuri wake, zina sumu kali, na vivyo hivyo mbegu za mbarika. Chupa zilizowahi kubeba dawa za wadudu hazisafishiki kwa kiwango cha kumfaa mtoto, betri zilizokwisha hazina nafasi darasani, na rangi za mafuta za kupakia nyumba zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachoweza kupita kooni kiwekwe mbali.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la idadi. Utaratibu wa elimu ya awali nchini Tanzania unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini walimu wengi husimama mbele ya darasa lenye idadi maradufu au zaidi, na kumwambia mwalimu huyo agawe udongo na rangi kwa wote kwa wakati mmoja ni kumkosea heshima. Njia iliyothibitika kuwezekana ni ya makundi na kona, ambapo kundi moja hufanya kazi ya udongo, jingine huchora mchangani kwa vijiti nje chini ya mwembe, jingine hupanga vifuu na makaka, kisha siku ya pili hubadilishana. Shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda, zilijengwa juu ya utaratibu wa namna hiyo: kona za michezo, vifaa vilivyotengenezwa na jamii kwa vitu vya pwani, na mafunzo ya walimu yanayofanyika kwa vitendo. Shule hizo hazikuwa na fedha nyingi, ila zilikuwa na wazazi waliojua kwamba kifuu kilichosuguliwa vizuri ni mchango halali kwa shule.

Mjini Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, kituo kiitwacho Remida kimekuwa tangu mwaka 1996 kikikusanya mabaki safi ya viwandani na kuyagawa kwa shule. Kata yoyote ya Tanga, Kilifi au Unguja inaweza kuwa na ghala kama hilo kwa gharama ya chumba kimoja na kufuli, kwa maana mafundi cherehani hutupa vipande vya vitambaa na kanga kila jioni, maseremala hufagia maranda na vipande vya mbao, na wenye maduka huchoma katoni. Vyuo vya ualimu navyo viombwe kuanza na jambo moja: kila mwanachuo wa elimu ya awali, kabla hajapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, apewe bonge la udongo na saa mbili bila maelekezo, ili ajue kwa vidole vyake kile atakachowaomba watoto wakifanye. Na mzazi anayesoma safu hii akiwa na kifuu, kopo safi au kipande cha kanga kisichovalika tena, akipeleke shuleni Jumatatu, na amwombe mwalimu akiache mikononi mwa watoto.