Petroli Iliyolala Ndani ya Kabureta

Katika nchi za baridi, kama vile Uingereza na Ujerumani, mwenye pikipiki aghalabu huiweka ndani mwezi wa Novemba, barabara zinapoanza kuganda na kumwagiwa chumvi, akaitoa tena Machi jua linaporudi. Na Wajerumani wameliingiza jambo hilo hata katika sheria yao, kwani tangu mwaka 1997 wanazo nambari za usajili zitumikazo kwa miezi fulani tu ya mwaka, na miezi iliyobaki chombo hakina ruhusa ya kuonekana barabarani. Sisi wa mwambao hatuna theluji, lakini tunayo masika. Na fauka ya masika tunazo safari, misiba, maradhi na ufukara wa ghafla, mambo ambayo hukilaza chombo uani miezi mitatu au minne chini ya turubai, mpaka siku mwenyewe anapokikumbuka, akakipiga kiki ishirini, akatoka jasho, nacho kisingurume. Siku hiyo ndiyo inayonishughulisha, kwa kuwa naona ndiyo siku ambayo kifaa kimoja kidogo, kisicho na kosa lolote, huhukumiwa kufa.

Kifaa hicho ni kabureta, na hukumu yenyewe hutolewa upesi. Huitwa fundi, naye hutia bisibisi hapa na pale, akapuliza kwa mdomo, akatikisa kichwa na kusema, "Kabureta imekufa hii, mzee, nunua nyingine." Mwenye mali hununua nyingine, mpya, nyepesi, iliyofanywa mfano wa ile ya zamani bila ya kuwa ile, na ile ya zamani, iliyotumika miaka 30 bila kuhalifu, hutupwa juu ya rundo la vyuma chakavu. Rai yangu, ambayo naitoa baada ya kuumwa na jambo hili mwenyewe, ni kwamba kabureta ya pikipiki ya zamani iliyolala haifi ila mara chache mno. Kinachokufa ni petroli tuliyoiacha ndani yake.

Na atakayetaamali jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi hatashangaa. Injini, pistoni yake ishukapo, huvuta pumzi. Hewa hiyo hupita katika koo la kabureta, nalo koo limebanwa katikati. Hewa ikifika penye dhiki hukimbia zaidi, na ikikimbia zaidi kani yake ya kusukuma hupungua, kama alivyobainisha Mtaliana Giovanni Battista Venturi katika risala yake ya mwaka 1797, takriban miaka 90 kabla Gottlieb Daimler hajaipandisha injini ya petroli juu ya magurudumu mawili mwaka 1885. Kani hiyo inapopungua, petroli iliyomo katika bakuli la chini hupanda kupitia matundu ya jeti, ikatawanyika mfano wa ukungu na kuchanganyika na hewa kwa mizani ambayo kamili yake ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Jeti kubwa hufanya kazi tunapokwenda kasi. Jeti ndogo ndiyo ilishayo injini inapokuwa kwenye sailensa, chombo kimesimama na mwenyewe anazungumza na jamaa barazani, na tundu lake halifikii nusu ya milimita. Uhai wa pikipiki nzima, ya kilo mia na zaidi, umening'inia katika kijitundu hicho.

Petroli, kwa upande wake, si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoshika moto upesi, hutangulia kuruka kupitia tundu la pumzi la bakuli. Vile vizito hubaki, vikaathiriwa na hewa, vikageuka utomvu wa rangi ya kahawia, mfano wa vanishi ya seremala, na utomvu huo hujikusanya palipo pembamba kuliko pote. Kwetu pwani kuna na balaa ya pili: tangi lililojaa nusu huvuta hewa yenye unyevu wa bahari, usiku unyevu huo huwa matone katika bati la ndani, matone huteremka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli, na chini ndiko koki inakochotea. Ndipo yakapatikana maji ndani ya kabureta ya mtu anayeapa, naye ni mkweli, kwamba hajapata kutia ila petroli safi ya kituoni.

Mambo hayo yalinifika mwaka nilipokwenda Unguja kumuuguza ndugu yangu, nikakaa huko tangu mwanzo wa masika hata mvua zikakatika. Pikipiki yangu ni Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambayo injini yake ilibuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu, vali zake zikisukumwa na vijiti badala ya kuendeshwa kwa mnyororo, ili imvumilie hata mtu anayechelewa kubadili oili. Niliporudi Tanga niliikuta inawaka kwa choki tu. Nikiifungua choki inakohoa na kuzimika, ilhali nikivuta mafuta mengi inanguruma kwa kusitasita. Dalili hiyo, kwa mwenye kuijua, ni sawa na mgonjwa anayekuonyesha kwa kidole mahali panapomuuma, kwani choki hupunguza hewa na hivyo kuificha njaa ya jeti ndogo. Chombo kinachoishi kwa choki peke yake aghalabu kinakwambia kwamba jeti ndogo imeziba. Mimi sikuijua. Nilimwita kijana mmoja wa mtaani, hodari na mwenye adabu, naye akaifungua kabureta, akachomoa uzi mmoja wa waya wa breki, akauchomeka katika jeti na kuuzungusha mpaka ukapita.

Chombo kikawaka, nikamlipa, nikamshukuru. Juma lililofuata plagi ilikuwa nyeusi kama chungu cha kupikia, moshi ukitoka mweusi, na petroli ikinywewa kama maji ya mtungi. Uzi ule wa chuma ulikuwa umekula shaba njano, ambayo ni laini, na tundu lililopimwa kiwandani kwa uangalifu wa sonara lilikuwa limepanuliwa kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Kijana hakuwa na nia mbaya, wala sikumuudhi kwa neno. Alifanya kama alivyoona wengine wakifanya. Aliporudi kuitazama ndipo aliponiambia ninunue kabureta mpya.

Nilikataa, nikaichukua kabureta katika mfuko mpaka mtaa wa Ngamiani, kwa mzee mmoja ambaye alikuwa fundi wa pikipiki tangu mimi ni mwanafunzi. Aliinusa kwanza, kama mtu anusavyo samaki sokoni. "Mwanangu," akasema, "hii haijafa. Imelala na chakula mdomoni." Akaniuliza kama niliitazama cheche ya plagi kabla ya kuifungua kabureta, na kama nilihakikisha kwamba tundu la pumzi katika kifuniko cha tangi halikuzibwa na nyigu; nikamjibu la, naye akanilaumu kwa upole, kwa kuwa watu wengi huilaumu kabureta kwa makosa ya vitu vingine. Hata raba inayoiunganisha kabureta na injini, ikipasuka, huingiza hewa ya wizi na kuifanya sailensa ipande na kushuka yenyewe.

Kisha nikamwona akifanya kazi, na natamani kila mwenye pikipiki angelimwona. Bisibisi yake ilienea barabara katika mfuo wa jeti, isije ikautafuna. Kabla ya kuitoa skrubu ya hewa aliifunga pole pole mpaka ikakaa, akiihesabu mizunguko, akaiandika kwa chaki ukutani, apate kuirudisha ilipokuwa. Kielea alikitikisa karibu na sikio asikie kama kina petroli ndani, kwani kielea kilichotoboka huzama, na sindano isifunge, na mafuta yakamwagika chini usiku kucha. Jeti alizilowesha katika petroli mpya tangu asubuhi hata alasiri, mbali na jiko na sigara, akazipuliza kwa pampu, na palipokataa alipitisha uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni, ambao hauwezi kuikwaruza shaba. Mwisho aliinua kila jeti juani, akafumba jicho moja, akatazama. Jeti yangu ndogo aliitazama mara mbili, akaiweka kando, akavuta kopo la maziwa lililojaa jeti alizozitoa katika kabureta zilizotupwa mlangoni pake na watu walioambiwa kwamba zimekufa. Akachagua moja yenye nambari ile ile. Sikuombwa senti kwa hiyo jeti.

Kopo lile limenifikirisha sana. Nimeona kwa macho yangu, katika nyua za ofisi za vijijini, pikipiki za mabwana shamba na za zahanati zimewekwa juu ya mawe, tairi zimekauka, ilhali bwana shamba anakwenda kwa miguu kwa mkulima aliye maili saba; na katika baadhi yake ugonjwa wa awali haukuwa zaidi ya utomvu katika kijitundu. Wauzaji wa vipuri hutuuzia kabureta nzima, wala aghalabu hawana jeti moja, sindano moja wala gasketi ya bakuli, vitu ambavyo ndivyo vinavyohitajiwa. Nao wangeviweka madukani kama sisi wanunuzi tungevidai. Vyuo vya ufundi navyo vingefanya hisani kubwa kumkataza mwanafunzi waya wa chuma tangu siku ya kwanza. Na mwenye chombo, anayejua kwamba anasafiri au kwamba masika yako mlangoni, ana kazi ya dakika tano tu: ajaze tangi pomoni, unyevu usipate nafasi, afunge koki, aiache injini ingurume mpaka izimike kwa kiu, kisha alegeze skrubu iliyo chini ya bakuli, litoke tone la mwisho. Waendesha bodaboda hawana haja ya wasia huu, maana vyombo vyao havilali; lakini vya walimu, vya wastaafu na vya marehemu tuliowarithi hulala, tena usingizi mrefu.

Nilipokuwa naondoka mzee aliniomba nimpelekee yule kijana. Nilidhani anataka kumkaripia. Kijana alikuja nami Alhamisi baada ya adhuhuri, akampa shikamoo, akakaa juu ya kigoda kwa wasiwasi; mzee akampa jeti moja kutoka kopo, chafu, imelowa petroli, na kumwambia aiinue juani.

"Unaona nini?"

"Naona nuru, babu. Lakini haijawa duara."

"Basi irudishe ikalowe."