Posa Ikitoka Makole, Tuulize Nini?



Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, posa za kutoka huko tunazisikia sana majumbani mwetu, Unguja na Pemba. Kijana kazi yake iko Dodoma, anaishi Makole, kata iliyo katikati ya jiji, na anataka kuoa kwetu. Wazee wakikaa, swali la mwanzo huwa ni lile lile: ana nyumba? Akiwa hana, je, kiwanja anacho?

Swali hilo halina ubaya. Makazi ni haki ya mke, na mume ndiye mwenye dhamana nayo. Lakini tunaona limekalishwa kiti cha mbele kupita stahiki yake. Nyumba utaizunguka kwa nusu saa ukaimaliza. Mtu anayeijenga ndiye utakayeishi naye, na yeye anahitaji kuangaliwa kwa utulivu zaidi.

Dodoma hiyo hiyo ina mwanawe anayeweza kutufundisha namna ya kumwangalia mtu. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957, akawa askari wa Jeshi la Wananchi na mkimbiaji wa marathoni, zile mbio za kilomita 42 na ushei. Mwaka 1988 kule Boston, Marekani, alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili, sekunde moja! Akarudi Boston mwaka 1989, akawa wa pili. Akarudi tena 1990, akawa wa pili. Katikati ya hayo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na rekodi yake ya njia ile ikakaa mpaka mwaka 2001.

Wengi wetu tunaijua ile siku ya New York. Sisi tunavutiwa zaidi na siku zilizoitangulia, asubuhi za mazoezi ambazo hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Ikangaa anajulikana duniani kwa msimamo wake kwamba hamu ya kushinda haina maana kama mtu hana hamu ya kujiandaa. Na alipomaliza kukimbia hakuwageuzia mgongo wanaokuja nyuma: alikuwa mstari wa mbele katika mashindano ya riadha ya wanawake yaitwayo Ladies First, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017, ili mabinti wa Tanzania nao wapate uwanja.

Basi ndoa, dada zetu, ndiyo marathoni yenyewe. Harusi ni mstari wa kuanzia. Kila bwana harusi hupendeza siku hiyo, kanzu imepigwa pasi na koti limemkaa. La kutazama ni kama ana mazoea ya kujiandaa. Je, huamka kwa wakati kwa ajili ya Alfajiri? Hutunza afya yake? Deni lake hulilipa bila kufuatwa? Akishindwa jambo, hurudi tena kwa utulivu au hutafuta wa kumlaumu? Mwenye kuzoea hayo, hata akianza na chumba cha kupanga pale Makole, ana mwelekeo wa kujenga. Asiye nayo, ghorofa halimsaidii.

Tena mwanamichezo mwingine wa taifa letu ametuonyesha kwamba ujenzi si kazi ya mume peke yake. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akavunja ya maili moja mwaka 1975, kisha akaleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mbio zilipokwisha, yeye na mkewe, Mama Anna Bayi, walianzisha shule, Kimara na kisha Kibaha. Mume na mke wamejenga kitu ambacho watoto wa watu wengine wanasomea. Hiyo ndiyo familia inayozidi kuta zake.

Na sisi Waislamu tuna kigezo kilicho juu ya wote. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, Bi Aisha akamshinda. Siku nyingine, Bi Aisha akiwa ameongezeka mwili, Mtume akashinda yeye, akamtania kwamba hii ni ya kulipia ile. Mwenyewe alibeba matofali pamoja na masahaba ulipojengwa msikiti wa Madina. Na Bi Aisha alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani, alijibu kuwa huwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mchezo, ujenzi na mapenzi ya nyumbani vyote vilikaa kwa mtu mmoja, wala heshima yake haikupungua. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mume kuosha sahani ni kutawaliwa na mke, muulize amejifunza kwa nani.

Sasa tuje kwenye lile ambalo wengi hulionea haya. Mke akihamia Makole, kiwanja kinanunuliwa, msingi unachimbwa, boma linasimama, bati linasubiri. Huchukua miaka. Katika miaka hiyo mke anapika, analea, anauza maandazi au anatoa sehemu ya mshahara wake kununua saruji. Jina lake liko wapi?

Hapa bibi harusi wa visiwani ajue jambo. Sisi Waislamu wa Zanzibar mambo yetu ya ndoa huenda Mahakama ya Kadhi. Bara kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo, mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na ndoa ikivunjika mahakama huweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe aziendeleze alizitapanya. Funzo lina pande mbili: jasho la jikoni lina thamani, na amana nayo ina hesabu.

Kuyajua haya si kuingia kwenye ndoa na talaka mfukoni. Sura ya An-Nisaa imeshatufundisha kwamba mwanamke ana fungu katika alichokichuma. Mume mwema hatakasirika akiombwa hati iandikwe majina mawili, au michango iandikwe daftarini mbele ya mashahidi. Atafurahi kwamba mkewe naye anajiandaa. Na akikasirika, bora tukajua kabla ya fungate.

Kwa hiyo, mashangazi na masomo zetu, posa ikija kutoka Makole tuulize juu ya kiwanja, sawa. Ila tuulize na jirani zake kama husalimia, wafanyakazi wenzake kama ni mkweli, na mama yake kama humpigia simu bila ya kuwa na shida. Kisha tumuulize yeye mwenyewe, bila ya haya: nyumba utakayojenga, mwenzio utamweka wapi ndani yake?

Mwenyezi Mungu awajaalie mabibi harusi wetu waume wenye subira ya safari ndefu, na awajaalie wao kuwa wenza wema wa safari hiyo. Amin.